Vazi la Taifa na Tumbo Lake

Nchi ninayotaka kuisimulia ipo, ila jina lake silitaji, kwa sababu limesajiliwa kuwa mali ya Shemeji wa Taifa na kulitaja bila kibali chake ni wizi. Nitasema tu "nchi yetu". Msomaji akidhani anaifahamu, anyamaze. Nchi siku hizi hufanana kama shilingi kwa ya pili.

Nieleze pia kwamba Shemeji wa Taifa ni cheo, si tusi. Mtukufu Rais alikuwa na mke, mke alikuwa na kaka, na kaka huyo hakuwa na kazi. Katiba ikarekebishwa.

Basi, katika nchi yetu aliishi mbunifu wa mavazi aitwaye Sikudhani Mbwego. Alisomea ubunifu chuoni, na kompyuta akajifundisha mwenyewe, hadi akaweza kuandika programu yake ya kupimia watu. Mteja alisimama mbele ya simu akiwa na nguo nyepesi, akapigwa picha ya mbele na ya ubavuni, na programu ikaujenga mwili wake kwenye kioo cha kompyuta jinsi ulivyo. Sikudhani aliuvika mwili ule gauni la mchoro, akaugeuza huku na huku, akaona kwapa linabana wapi na pindo linainuka wapi, kabla mkasi haujagusa kitambaa. Mchoro ukikamilika aliutuma kwa simu kwa mafundi cherehani wa miji mingine, wakauchapisha, wakakata, wakashona.

Mtu wa kwanza kupimwa na programu hiyo alikuwa shangazi yake, Bi Mwantumu, ndiye aliyemlea. Shangazi Mwantumu alikuwa ameugua saratani na kukatwa ziwa la kushoto. Tangu hapo alijifunika khanga juu ya kila nguo, hata jikoni penye joto, na arusi za watu akazikimbia. Sikudhani alimsimamisha mbele ya simu, akampima alivyo, upande mmoja ukiwa umejaa na mwingine umelala. Kisha akahamisha mshono, akatia mikunjo ya kukata kifua mshazari, akamshonea gauni la rangi ya zambarau.

Shangazi alijitazama kwenye kioo, akageuka ubavu, akageuka tena. Mwishowe akasema, "Nguo hii imenijua." Jumamosi ile alikwenda arusini akacheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka.

Habari zikaenea. Walikuja wenye vibyongo, wenye mguu mmoja, mabibi harusi wanene na mabwana harusi wembamba kama uzi. Kompyuta ya Sikudhani ilikuwa na adabu: haikumwambia yeyote kwamba mwili wake umekosewa.

Na hapo ndipo Serikali ilipopata habari.

* * *

Serikali yetu ni sikivu. Haiwezi kuona kitu kinakwenda vizuri ikakiacha hivihivi bila kukisaidia. Sikudhani aliitwa kwenye Wizara ya Mitindo, Mitandao na Mwonekano wa Taifa, akapokelewa na Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Profesa Erasto Ndezi. Profesa Ndezi alikuwa profesa wa jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifahamu, maana kwetu si adabu kumuuliza profesa amesomea nini. Alikuwa akila mbuzi wa kuchoma. Alikula katika vikao vyote, akisema kwamba taifa haliongozwi na njaa.

"Binti," alisema, akinyonya mfupa, "nasikia unatumia kompyuta kupima watu."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Kila mtu na mwili wake."

"Hapo ndipo ulipokosea. Watu wote wale, kila mmoja na mwili wake! Hiyo si ni vurugu? Umoja wa kitaifa utatoka wapi?"

Waziri akamfafanulia Mradi wa Vazi la Taifa. Raia wote wangepimwa kwa simu. Kompyuta ingeijumlisha miili yao, ikaikoroga, ikatoa mwili mmoja tu, uitwao Mwili wa Taifa. Kwa mwili huo lingebuniwa vazi moja, na kila raia angelivaa.

"Lakini Mheshimiwa, watu hawalingani."

"Watalingana. Shemeji wa Taifa ameshaleta mashine za kukata na kushona, za kisasa kabisa, zinajiendesha zenyewe. Zina tatizo dogo tu. Zinakata saizi moja. Sasa, mashine tunazo. Tunachokosa ni taifa la saizi hiyo."

Sikudhani alirudi nyumbani akiwa na uamuzi wa kukataa. Shangazi Mwantumu ndiye aliyembadilisha mawazo. "Nenda, mwanangu," alimwambia. "Ukikataa watampa mjinga. Ukiwa ndani, pengine mtu fulani huko bara atapata nguo ya kumjua, kama yangu."

Akakubali cheo cha Mbunifu Mkuu, kwa sharti moja: kila picha ifutwe mara tu vipimo vinapochukuliwa. Waziri aliapa mbele yake mkono ukiwa juu, mafuta ya mbuzi yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Tena siku ya pili alisimama bungeni akatamka kwamba Serikali haina, haijawahi kuwa na, wala haitarajii kuwa na picha ya raia yeyote aliyevua nguo. Wabunge walipiga meza mpaka mmoja akavunjika kidole, akalipwa fidia.

* * *

Zoezi lilizinduliwa na waheshimiwa wenyewe ili wawe mfano. Mawaziri, majenerali na Shemeji walipanda jukwaani wamevaa suruali nyeupe za kubana na vifua wazi, wakapigwa picha na Sikudhani, bendi ya polisi ikipuliza matarumbeta. Watoto waliolia waliondolewa na mama zao.

Kisha ikawa zamu yetu. Mapazia yalifungwa shuleni, sokoni, na kwenye ofisi za kata. Uliingia, ukavua, ukasimama wima, simu ikalia. Ukitoka nje ulikuta ujumbe kwenye simu yako: *Hongera. Mwili wako umepokelewa. Tafadhali usiubadilishe hadi utakapotangaziwa.* Mama mmoja mjamzito aliuliza itakuwaje akijifungua, akaambiwa asubiri mwongozo.

Shangazi Mwantumu alijipanga kwenye foleni ya kata yake, amevaa gauni lake la zambarau. Waliokuwa wakiona haya aliwatia moyo. "Ingieni, ingieni," aliwaambia. "Mashine hii ni ya mwanangu. Haicheki mtu." Na wanawake waliokuwa wanataka kurudi nyumbani wakamwamini, wakaingia.

Adhuhuri moja, Sikudhani alikwenda wizarani kuchukua waya wa kompyuta aliousahau. Watumishi walikuwa wamekwenda kula. Kwenye ukumbi wa ghorofa ya juu aliona mlango ulioandikwa *Chumba cha Uhakiki*, chumba ambacho hakuwahi kuambiwa kipo. Kilitoka kicheko humo, na harufu ya nyama na manukato.

Mlango haukuwa umefungwa sawasawa. Alichungulia.

Ukuta mzima ulikuwa kioo cha kuonyeshea picha. Mbele yake waliketi wakurugenzi, makamishna na Shemeji, kila mmoja na sahani pajani. Profesa Ndezi alikuwa amesimama, akipitisha picha za wanawake mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayechagua vitambaa dukani. Wake za watu. Walimu. Wauguzi. Bibi wa kuuza mchicha. Kila mmoja amesimama wima, amekaza macho mbele, kama alivyoelekezwa.

Ndipo akatokea Shangazi Mwantumu.

"Huyu analo moja!" alipiga kelele kamishna mmoja.

"Basi ni nusu bei!" akajibu Shemeji, na chumba kizima kikaangua kicheko, mtu mmoja akapaliwa na nyama ikabidi apigwe mgongo.

Waziri alitaka waone vizuri zaidi. Aliigusa picha kwa vidole akaikuza. Alipoondoa mkono, kwenye kioo, palepale kwenye kovu la Shangazi, palibaki alama nzito ya mafuta ya mbuzi.

Sikudhani alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka penye ngazi, akatapika kwenye chungu cha maua ya plastiki. Kisha akajifuta mdomo, akaenda nyumbani kwa miguu, maana hakutaka kukaa karibu na mtu yeyote.

* * *

Shangazi alikuwa jikoni akichambua mchele. Alimtazama tu usoni akaweka ungo chini.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, Shangazi. Picha hawazifuti. Wameziweka. Wanaziangalia."

"Wanaziangalia kwa kazi?"

"Kwa kicheko." Sikudhani alipiga magoti sakafuni akamshika miguu. "Nimeiona yako. Nisamehe, Shangazi. Ni mimi niliyewapa mashine."

Maji yalichemka jikoni yakamwagikia moto, hakuna aliyeyaepua.

"Alicheka nani?"

"Wote."

"Na yule profesa?"

"Yeye ndiye aliyekuwa akionyesha."

"Daktari aliponikata," alisema Shangazi taratibu, "nilimvulia nguo, na sikuona haya, kwa sababu alikuwa ananiokoa. Hawa wananivua ili wapate kitoweo." Akatema mate pembeni, yeye ambaye hakuwahi kutema mate ndani ya nyumba yake. "Na wale niliowaambia waingie? Wamo humo?"

"Wamo. Wanawake wa nchi nzima wamo."

"Basi inuka, usinililie mimi. Wenzangu wamesimama uchi mbele ya wanaume wanaokula nyama, na ufunguo wa mlango unao wewe. Wewe kazi yako si kuvisha watu? Nenda kawafunike."

Alasiri ileile Sikudhani alirudi wizarani. Kama Mbunifu Mkuu hakuna aliyemzuia. Aliketi kwenye kompyuta kubwa akaanza kufuta: picha, nakala zake, nakala za nakala, na miili yote iliyojengwa kutokana nazo, kata baada ya kata, wilaya baada ya wilaya. Alimfuta Shangazi wa kwanza. Hakuacha mtu, isipokuwa wale ambao hakuweza kuwafikia: miili ya waheshimiwa waliopimwa jukwaani ilikuwa imewekwa kwenye hifadhi ya peke yake, yenye kufuli lisilo na ufunguo, kwa kuwa tumbo la kiongozi ni siri ya dola.

Alidhani mashine ikikosa miili itasimama. Wazazi walimwita Sikudhani, lakini siku ile alidhani.

Mashine za Shemeji hazikujua kusimama. Tarehe iliyopangwa ilipofika, kompyuta ilitafuta raia wa nchi, ikawakuta mawaziri, majenerali na Shemeji. Ikawajumlisha, ikawakoroga, ikautoa Mwili wa Taifa. Haukuwa na shingo. Mabega yalikuwa membamba na laini, ya mtu ambaye hajabeba hata ndoo. Mkono wa kulia, wa kupokelea, ulikuwa mrefu kuliko wa kushoto. Na mbele lilitangulia tumbo, kubwa, la mviringo, likishuka hadi mapajani. Kiwanda kikaanza kukata. Hakuna aliyetazama, maana wakubwa wote walikuwa ng'ambo kwenye kongamano la kimataifa la usimamizi. Waliporudi, vitambaa vya nchi nzima vilikuwa vimekwisha kukatwa, kushonwa na kupigwa pasi.

* * *

Waziri alimwita Sikudhani. Kwa mara ya kwanza hakuwa anakula.

"Umezipeleka wapi?"

"Nini, Mheshimiwa?"

"Zile picha."

"Picha zipi?"

Profesa Ndezi alitazama mlangoni, akapunguza sauti. "Zile ambazo hatuna."

"Kama hatuna, Mheshimiwa, siwezi kuzipoteza."

"Usinichezee! Juzi tu zilikuwapo!"

"Nikamwambie Spika hivyo?"

Uso ulimvimba Waziri, jasho likamtoka kwenye mikunjo ya shingo. Angeweza kumshtaki kwa kuharibu mali ya Serikali, lakini kwanza angelazimika kueleza mali hiyo ni ipi. Kwa hiyo alimpa barua ya pongezi kwa utumishi uliotukuka, akamfukuza kazi.

Siku ya uzinduzi, watumishi wa umma walijazwa Uwanja wa Taifa wakiwa wamevaa Vazi la Taifa. Lilikuwa la kijani. Kitambaa cha Shemeji kilichuja kwa jasho, na kabla wimbo wa taifa haujaisha makwapa ya nchi nzima yalikuwa yamekwisha kuwa rangi ya kamasi. Lakini tatizo halikuwa rangi. Mbele ya kila mtumishi, kwa mwembamba na kwa mnene, lilining'inia lile tumbo tupu, kama mfuko wa posta baada ya barua kugawiwa. Upepo ulipovuma, matumbo yote yalijaa kwa pamoja, yakasimama, yakanywea.

Mtukufu Rais aliinuka kwenye kiti. Profesa Ndezi alikuwa akitetemeka mpaka nishani zikalia kifuani. Mtukufu, ambaye macho yake yalikuwa yamepungua nguvu kwa kulitazama sana taifa, alituangalia safu kwa safu. Chozi likamtoka.

"Hatimaye," alisema, "watu wangu wameshiba."

Tulipiga makofi. Ungefanyaje?

* * *

Katika nchi yetu neno la Mtukufu ni takwimu. Wiki hiyohiyo, katika wilaya ya Mikwaju, ambako mvua ilikuwa imegoma kwa misimu, ghala la mahindi ya msaada lilifungwa kwa kufuli. Ofisa aliyetumwa kutoka mji mkuu aliwafafanulia wananchi kwa upole.

"Ndugu zangu, tumepima nchi nzima kwa kompyuta. Njaa haikuonekana."

"Lakini sisi hapa tuna njaa," mzee mmoja alisema.

"Hiyo ni hisia, baba. Mimi nazungumzia kipimo."

Vazi lilikuwa lazima barabarani, sokoni na zahanatini, na baadaye ikawa lazima tumbo lake lijae, kwa kuwa tumbo linalonywea lilikuwa linamkosoa Mtukufu hadharani. Shemeji, mtu mwepesi wa huruma, aliagiza shehena ya mito kutoka nje. Kila raia alijifunga mto tumboni. Tulisimama kwenye foleni za zahanati juani, sponji za mito zikitota jasho, chawa wakapata makazi, na kila uchao tulinuka kama mbwa walionyeshewa. Ukikutana na jirani mlisalimiana kwa mbali, kwa sababu mito iligongana.

Mikwaju hapakuwa na mito ya kutosha. Waliosalia walijaza nyasi kavu.

Siku moja Sikudhani alipokea picha kwenye simu yake, imetumwa na Tegemea, fundi cherehani wa Mikwaju aliyekuwa akimshonea michoro tangu zamani. Ilimwonyesha bibi kizee amelala mbele ya mlango wa ghala. Mikono yake ilikuwa kama vijiti vya kuni. Miguu ilikuwa imekauka. Lakini tumbo la vazi, lililojaa nyasi, lilikuwa limesimama juu yake kama kichuguu, na mainzi yametanda juu ya ile rangi ya kijani.

Tegemea alikuwa ameandika chini yake: *Dada, huyu ni mama. Ofisa ameandika amekufa kwa kuvimbiwa.*

Sikudhani aliitazama picha. Aliujua mshono ule wa ubavuni. Ulikuwa ni mtindo wa programu yake, aliubuni yeye, akauonea fahari. Aliitazama mikono yake mwenyewe akaichukia, akaenda kunawa, akanawa tena kwa majivu.

"Utaichubua ngozi," Shangazi alimwambia, akamfungia maji. "Haitoki kwa kunawa hiyo. Kaa ufanye kazi."

Aliketi kwenye meza ya kulia chakula, akaifungua kompyuta yake ya zamani, akachora. Ilikuwa ramani ya kuliondoa tumbo: fumua hapa, kata hapa, rudisha kiuno cha mwenye nguo mahali pake, punguza mkono wa kulia. Na kile kitambaa cha tumbo, kwa kuwa kilikuwa kingi, alikipangia ramani ya pili, shati la mtoto lenye mifuko. Michoro ilikuwa myepesi hata kwa asiyejua kusoma. Akaituma kwa mafundi wote aliowahi kufanya nao kazi, bila malipo, wao wakaituma kwa wenzao.

Haikupita muda nchi ilianza kusikika ikikata. Ukipita mitaani ulisikia mikasi nyuma ya madirisha. Watu walitoka nje wakiwa na viuno. Watoto walikimbia na mashati ya kijani. Polisi walikamata mikasi kwa magunia, lakini wake zao walikuwa na mingine.

Mikwaju walikwenda mbali zaidi. Walipunguza mavazi yao mpaka yakawakaa sawasawa, mbavu na mifupa ya nyonga ikaonekana. Wakasimama mbele ya ghala, wakapigana picha, za mbele na za ubavuni, wakazituma kila mahali. Wenyewe ndio waliochagua kuonekana, nao hawakuona haya. Jioni nchi nzima ilikuwa imeiona njaa kwenye viganja vyake. Kesho yake mlinzi wa ghala aliuvua mto wake, akaufungua mlango. Nusu ya mahindi ilikuwa imeshaoza, yameota ukungu, na panya wafu wamo ndani. Iliyobaki ilisagwa, ikaliwa ikiwa na uchungu.

* * *

Sikudhani alishtakiwa kwa kosa la kuliondolea taifa tumbo bila kibali. Kuhusu Profesa Ndezi, msomaji asiwe na wasiwasi: alihamishiwa Wizara ya Chakula, kwa kuwa ndiye waziri pekee aliyewahi kulishibisha taifa.

Mahakama ilijaa. Kuingia humo ilikuwa lazima uwe na Vazi la Taifa lenye mto, kwa heshima ya kiti cha hakimu, kwa hiyo wengi tuliazima. Nje ya mahakama mito ilikuwa ikikodishwa na kijana wa Shemeji. Shangazi Mwantumu alikaa mbele, mto umemfika kidevuni.

Shahidi wa Serikali alikuwa yule ofisa wa Mikwaju. Alieleza kwa kompyuta, kwa michoro ya rangi, jinsi raia wa kawaida alivyokuwa ameshiba hadi mshtakiwa alipoingilia kati.

"Na marehemu wa mlangoni?" aliuliza hakimu.

"Kuvimbiwa, Mheshimiwa. Tumbo lake lilionekana kwa macho."

Hapo mwanamke mwembamba alisimama nyuma ya chumba. Alikuwa Tegemea, alikuwa amesafiri kutoka Mikwaju.

"Huyo ni mama yangu," alisema. "Nilimwosha mimi. Nilipomfumulia lile vazi zilitoka nyasi, na nyasi nyingine nilizitoa mdomoni mwake. Alikuwa ameanza kuzila."

Hakimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaamuru maneno yale yaondolewe kwenye kumbukumbu, kwa sababu marehemu hakuwamo kwenye kompyuta. Akamgeukia Sikudhani.

"Mshtakiwa, Serikali ni mzazi. Omba radhi, urudi kwenye cheo chako. Taifa bado linahitaji mbunifu."

Sikudhani alikuwa peke yake mle ndani asiye na tumbo. Alikuwa amelikataa vazi, wakamvalisha gunia la gereza.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema, "mimi niliwapa kipimo, ninyi mkakifanya kifuniko cha kaburi. Radhi nimeshamwomba Tegemea. Ninyi siwaombi kitu. Mnanitia kichefuchefu."

Alifungwa mwaka mzima.

Askari alipomshika mkono kumtoa, Shangazi Mwantumu alisimama. Aliingiza mkono chini ya lile vazi, akafungua kamba, akauvuta mto, akauachia sakafuni. Ulianguka kwa kishindo kizito, kama kitu kilicholowa. Mama wa pembeni yake akafungua wake. Kisha mwalimu mmoja, kisha muuza mchicha, kisha safu nzima, na safu ya nyuma yake, hata karani wa mahakama, hata askari aliyekuwa mlangoni. Tuliiacha pale, mito ya nchi nzima, ya kijani, imevimba jasho, chawa wakitoka ndani yake na kutembea kwenye vigae, tukatoka nje na miili yetu.

Hakimu alibaki na mwendesha mashtaka. Alijiziba pua kwa joho, akaagiza madirisha yafunguliwe. Yalifunguliwa yote. Harufu haikutoka.